Tume ya Kuitafutia Programu Mwenyekiti

Kuna nchi moja ambayo jina lake mnalijua, kwa hiyo hapana haja ya kulitaja. Ni nchi ya amani na utulivu. Watu wake wametulia kiasi kwamba mkutano ukiitwa saa tatu asubuhi, saa saba mchana bado wamekaa, mikono mapajani, wakimsubiri mgeni rasmi. Na mgeni rasmi asipofika, hata jambo lililokwisha kutokea huhesabiwa kwamba halijatokea. Liko daraja huko ambalo watu walilivuka miaka minne mizima, lakini kwa kuwa halikuwa limekatiwa utepe, kwenye ramani ya serikali palibaki mto mtupu, na wote waliovuka waliandikwa kuwa wameogelea.

Katika nchi hiyo alikuwako mama mmoja, Siwatu binti Hatibu, mtunza stoo ya dawa katika hospitali ya wilaya. Kazi yake ilikuwa kutunza dawa, lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kupokea simu.

"Dada, hapo kwenu dawa ya sumu ya nyoka ipo?"

"Haipo, mdogo wangu. Iliisha juzi."

"Sasa iko wapi?"

Hilo la iko wapi ndilo lililomnyima usingizi. Dawa huwapo, mgonjwa huwapo, ila hawajui kukutana, kama wachumba wawili waliopotezana sokoni. Basi Siwatu akajifunza kompyuta polepole, kama mtu anavyojifunza kusuka ukili wa mkeka, anafuma na kufumua, na baada ya miaka mitatu akawa ameandika programu ya simu. Akaiita Iko Wapi. Muuguzi anaandika namba ya wilaya yake na jina la dawa. Programu inamjibu zahanati ya karibu iliyo na dawa hiyo siku hiyo. Basi.

Tena akaifanya programu huria, yaani maandishi yake ya ndani hakuyafungia. Alikuwa kama mama asiyefunga mlango wa jiko: anayetaka kuona tunavyopika aingie, anayetaka kupika kwake achukue mapishi, na anayeona chumvi imepungua aseme.

Watu saba wakaingia jikoni. Mmoja wao alikuwa Kizito, fundi redio, mtu wa kuguna kuliko kusema. Mwingine Bi Nasra, mwalimu mstaafu, ambaye hakuweza kuona kosa akalipita, hata kwenye kadi ya harusi. Uongozi wao ulikuwa mwepesi. Mtu analeta rekebisho, wawili wengine wanalisoma, wakikubaliana linaingia. Wasipokubaliana, Siwatu anakata shauri, na aliyeshindwa ananuna siku mbili kisha anarudi kazini. Hakuna aliyewahi kuuliza nani mwenyekiti, maana hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukaa.

Mambo yaliharibika siku programu iliposifiwa.

Waziri alikuwa amekwenda kwenye mkutano nchi za watu. Mgeni mmoja akamshika mkono akamwambia, "Iko Wapi yenu ni kitu kizuri sana. Mnaiongoza kwa mfumo gani?"

Waziri hakuwa amewahi kuisikia. Lakini waziri wa nchi ile hakosi jibu. Akasema, "Mchakato uko katika hatua nzuri."

Akarudi nyumbani uso umemshuka. Kuna aibu nyingi ambazo serikali ile iliweza kuzivumilia, lakini si aibu ya kukuta kitu kinafanya kazi bila ya yenyewe kujua. Wiki haikwisha, ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchagua Mfumo wa Uongozi wa Programu Huria. Wajumbe walikuwa thelathini na mmoja. Wasiojua programu walipewa kipaumbele, ili pasiwe na upendeleo. Mwenyekiti akateuliwa Mheshimiwa Ngurumo Matandala, aliyekuwa amewahi kuwa mwenyekiti wa samaki, wa barabara, wa lugha na wa mvua, na kote huko hakuacha alama yoyote ya kumchafulia jina.

Siwatu aliitwa mji mkuu. Akapewa cheti cha pongezi, na kwa makofi yale yale akanyang'anywa neno la siri la kuingizia marekebisho. Neno la siri likatiwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha ukapewa kamati ndogo ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Ukatoka waraka kwa zahanati zote: programu yenye muhuri wa Tume ndiyo pekee itakayotumika, atakayetumia nyingine atapewa barua ya onyo, na hakuna rekebisho litakaloingia mpaka mfumo wa uongozi uchaguliwe.

"Na likitokea kosa?" Siwatu aliuliza.

"Mama," Mheshimiwa akamwambia kwa upole, "kosa haliwezi kutokea wakati Tume inakaa. Litakuwa limetangulia itifaki."

Sasa, wakati huo nchi ilikuwa na wilaya tisini na tisa. Idadi hiyo ilikuwa haikai vizuri mdomoni mwa wahutubiaji. Wakaikata ya tisini na tisa vipande viwili, ikazaliwa Wilaya ya Mia, ianze rasmi tarehe mosi Julai. Makao yake yakawa Mtopeni, kwenye mashamba ya miwa, ambako Mashavu, mdogo wake Siwatu, alikuwa muuguzi wa zahanati.

Dada hawa wawili walikuwa hawajaacha vitendawili tangu utotoni. Hata wakipigiana simu kuulizana hali ya miguu ya mama yao, lazima kimoja kipite.

"Kitendawili, dada," alisema Mashavu siku moja ya mwezi wa tano.

"Tega."

"Nimeandika mia, nimejibiwa kumi."

Siwatu akafikiri. "Mwanasiasa. Ameahidi mia, kaleta kumi."

"Huyo angeleta hata hiyo kumi tungemchinjia mbuzi. Nipe mji."

"Chukua mji mkuu."

"Mji mkuu siutaki, umejaa kamati. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Mwambani, una samaki."

"Mwambani nimekwenda, nimekula samaki, nimerudi na jibu. Ni programu yako hiyo, dada. Nimeijaribu na namba yetu mpya. Ninaandika wilaya ya mia, yenyewe inanituma Wilaya ya Kumi. Kumi si kule juu mpakani? Siku mbili kwa gari."

Siwatu alikaa chini palepale stoo, juu ya boksi la pamba. Alijua kosa lilipo kabla simu haijakatika. Alipoiandika programu, wilaya zilikuwa sitini na nne, naye aliifundisha kusoma tarakimu mbili tu. Ya tatu inaiacha mlangoni. Dawa ya kosa hilo ilikuwa mstari mmoja.

"Ukataji wa miwa unaanza lini?" aliuliza.

"Si Julai hiyo hiyo. Na unajua majani makavu ya miwa yana wenyewe." Mashavu hakucheka tena. "Mwaka jana nyoka hao, vifutu, waliuma watu tisa. Wote tisa walipona kwa sababu simu iliniambia dawa iko wapi. Dada, fanya kitu."

Siwatu akauandika mstari ule. Kizito akausoma akaguna, na guno lile kwake ni ndiyo. Bi Nasra akausoma akaongeza nukta moja. Kazi ilichukua muda wa kuchemsha chai. Halafu Siwatu akapanda basi kwenda mji mkuu kuomba kasha lifunguliwe.

Aliikuta Tume inachapa kazi. Mshauri mwelekezi, kijana wa miwani na koti, alikuwa anawaeleza namna watu wa ulimwengu wanavyoongoza programu huria.

"Kuna wanaomwachia mwanzilishi," alisema. "Mtu mmoja mwema, anaamua mambo yote, maisha yake yote."

Nyuso za wajumbe zikang'aa kama zimepakwa mafuta. "Huu tunaufahamu," akasema mmoja. "Huu ndio tuliolelewa nao." Ikabaki kumtaja huyo mtu mwema, na mikono thelathini na mmoja ikapanda juu, kila mmoja akijionyesha. Likazuka swali la kupima wema. Ikaundwa kamati ndogo ya kutafuta mizani.

Mshauri akawaeleza habari ya baraza la kuchaguliwa. Hilo nalo walilipenda, mradi washindi wafahamike mapema ili wapiga kura wasihangaike. Akawaeleza kwamba wengine huiweka programu kama wakfu, haiuzwi wala hairithiwi, na wadhamini kazi yao ni kuilinda tu. Mjumbe mmoja akauliza kama wadhamini hao hupewa magari. Alipoambiwa la, akasema huo mfumo bado haujakomaa.

"Na kuna ule ambao," mshauri akasema, "anayefanya kazi ndiye anayeamua."

Wajumbe wakamgeukia Mwenyekiti.

"Na sisi?" akauliza Mheshimiwa.

Mshauri akafuta miwani yake. Siwatu, kule nyuma alikokaa, akanyosha mkono.

"Mama, wewe umeandikwa mwalikwa asiyesema," Mheshimiwa akamkumbusha.

"Ni mstari mmoja tu, Mheshimiwa."

"Leo mstari mmoja, kesho ukurasa, keshokutwa mapinduzi. Subiri mfumo."

"Kifutu hasubiri mfumo."

"Basi huyo kifutu," akasema Mheshimiwa, na wajumbe wakaanza kucheka kabla hajamaliza, kama ilivyo desturi, "aandike barua."

Siwatu hakwenda nyumbani. Alikaa kwa binamu yake akawa anahudhuria kila kikao, mwezi wa tano ukaisha, wa sita ukaingia, na karatasi yake ya mstari mmoja ikaanza kuchakaa kwenye mikunjo. Kila alipofungua mdomo aliambiwa kanuni hazimruhusu. Basi alinyamaza akawatazama, na kwa kuwatazama akajua jambo. Aliyekuwa anafanya kazi mle ndani ni mtu mmoja tu, Bwana Lumbanga, katibu. Huyu alikuwa anaandika kila kitu kinachotoka kinywani mwa Mwenyekiti. Hakuchagua wala hakuruka. Mheshimiwa akipiga chafya, Lumbanga aliandika, "Mwenyekiti alitoa tamko fupi." Na kilichoandikwa na Lumbanga, kikipigwa muhuri jioni, kilikuwa agizo halali la Tume.

Tarehe ishirini na nane Juni Tume ilikaa kwa mara ya kumi na saba. Akidi ilikuwa wajumbe kumi na sita. Waliofika walikuwa kumi na watano. Wakangoja. Mheshimiwa akachoka kujisafisha kucha.

"Wewe mama wa mstari mmoja," akasema. "Umekaa hapo mwezi mzima kama mkwe. Hebu tuchangamshe basi, tukingoja."

Siwatu akasimama. Kanuni zilikuwa zimemkataza kusema. Hazikumkataza kutega.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu Mheshimiwa. Hakukusudia. Lakini hakuna mtu wa nchi ile, hata awe mkubwa namna gani, anayeweza kulisikia neno hilo ulimi wake usijibu wenyewe.

"Nikikigawa hakipungui, nikikificha kinakufa."

"Mali?"

"Mali ukiigawa hupungua, Mheshimiwa."

"Madaraka."

"Hayo pia hupungua. Ndiyo maana hatuyaoni yakigawiwa."

Lumbanga akaandika. Mheshimiwa akakuna kidevu, kisha uso ukamng'aa kama mtu aliyeokota pesa. "Nimekipata. Kamati. Ukiigawa, unapata kamati ndogo mbili, na ile ya kwanza iko palepale."

Wajumbe wakapiga makofi. Wengine walitikisa vichwa kwa namna akili ilivyokuwa kubwa.

"Hapo umekaribia sana," Siwatu akakiri. "Lakini kamati ukiificha haifi. Hunenepa. Umeshindwa, Mheshimiwa. Nipe mji."

Wakati huohuo mlango ukafunguka akaingia mjumbe wa kumi na sita, anafuta mikono. Akidi ikatimia. Lumbanga akatazama saa akaandika: kikao kimefunguliwa.

Mheshimiwa akafikiri. Kushindwa ni jambo la kawaida, lakini mji lazima utolewe. Mtu anayekataa kutoa mji huchekwa mpaka kaburini. Mji mkuu hawezi, ana nyumba. Mwambani hawezi, kuna viwanja vyake. Kila mji alioukumbuka ulikuwa na shemeji ndani. Ndipo akakumbuka mmoja ambao haujaanza.

"Nakupa Wilaya ya Mia," akasema, na akacheka mwenyewe. "Yote. Na watu wake, na nyoka wake, na lolote lililomo. Amua unavyotaka."

"Nashukuru, Mheshimiwa. Jibu lake ni..."

Kengele ya chai ikalia. "Jibu utaniambia baada ya chai," akasema Mheshimiwa. Na kama ilivyo desturi ya vikao vya nchi ile, baada ya chai hakuna aliyerudi.

Jioni Siwatu alikuwa mlangoni kwa Bwana Lumbanga.

"Nimekuja kuomba nakala ya muhtasari, baba."

Lumbanga alimtazama juu ya miwani yake. Kisha akavuta karatasi. "Agizo la mia mbili na kumi na mbili," alisoma taratibu. "Wilaya ya Mia, na lolote lililomo, amepewa Siwatu binti Hatibu, aamue anavyotaka." Akapiga muhuri. Akaupulizia ukauke. "Mimi huandika tu, mama," akasema. "Lakini nina dada yangu anakata miwa."

Kasha halikufunguliwa, wala hapakuwa na haja. Programu ilikuwa huria tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuwatoa wauguzi hofu ya barua ya onyo. Siwatu akachukua nakala, akatia mstari wake, akaiita Iko Hapa, na kabla ya tarehe mosi Julai kila zahanati ya Wilaya ya Mia ilikuwa nayo, pamoja na karatasi yenye muhuri ukutani. Wiki iliyofuata muuguzi wa wilaya jirani aliiona kwa mwenzake akaiomba. Wa pili akaiomba kwa yule. Hakuna aliyekuwa na muhuri, na hakuna aliyeuliza.

Mwezi wa nane Tume ilimaliza kazi. Mfumo uliochaguliwa ulikuwa huu: anayefanya kazi ndiye atakayeamua, isipokuwa kwamba wafanyao kazi watateuliwa na wasiofanya, chini ya mtu mmoja mwema wa kudumu. Uzinduzi ukapangwa Mtopeni, kwa kuwa ndiyo wilaya changa kuliko zote. Utepe ukafungwa kwenye simu. Mheshimiwa akaukata. Kisha akatoka kwenda shambani apigwe picha akinyosha kidole, maana huko hakuna picha ya kiongozi isiyokuwa na kidole.

Alinyosha vizuri sana. Akarudi nyuma hatua mbili ili miwa ionekane. Kifutu alikuwa amelala kwenye majani makavu, hana habari za itifaki.

Wajumbe walimbeba mpaka zahanati, mguu umeanza kuvimba. Kila mmoja akatoa simu yake yenye programu ya muhuri. Zote zikajibu kwa sauti moja: Wilaya ya Kumi.

"Basi tuondoke mapema," akasema mjumbe mmoja. "Ni siku mbili."

"Mlazeni hapo," akasema Mashavu. Alikuwa ameshatazama simu yake. "Dawa iko zahanati ya kiwanda cha sukari, dakika kumi na mbili kwa pikipiki. Mtu wangu ameshaondoka."

"Lakini dada, hiyo programu yako si rasmi."

"Na sumu nayo si rasmi, baba. Wewe shika mguu huu usitikisike, na ukome kuongea."

Pikipiki ikarudi. Mashavu akamtundikia Mheshimiwa dawa, na chupa ilipofika nusu rangi ya uso wake ikaanza kurudi. Akafungua jicho moja.

"Nani," akauliza kwa sauti ya mbali, "aliidhinisha hii programu?"

Lumbanga akafunua daftari. "Ni wewe, Mheshimiwa. Kikao cha kumi na saba, agizo la mia mbili na kumi na mbili."

Mheshimiwa akafikiri. "Nilisema vizuri," akasema, akafumba tena.

Siwatu alikuwa amefika na wageni wa uzinduzi. Akavuta kigoda, akakaa karibu na kitanda. Kutoka hapo, mlango ukiwa wazi, palionekana uani, ambako jiko la zahanati lilikuwa linachemsha uji wa wagonjwa. Mama wa jirani akaingia na kigae cha chungu mkononi. Hakubisha wala hakuomba ruhusa, alisalimu tu. Akachagua kaa moja jekundu, akaliweka kwenye kigae, akaondoka analipulizia. Nyuma yake akaja mwingine mwenye kopo la bati, naye akachukua lake. Uji uliendelea kutokota vilevile.

Mheshimiwa alikuwa ameona yote kwa jicho moja. Midomo yake ikacheza, kama mtu anayefanya hesabu. Siwatu akangoja. Alidhani safari hii jibu la kile kitendawili atalipata mwenyewe.

"Bwana Lumbanga," akaita.

"Naam, Mheshimiwa."

"Andika. Katika wilaya hii watu wanagawana moto, na hauna mwenyekiti."